Draiva Mpya Hupimwa kwa Mipira Mibaya

Mchezaji wa gofu wa ridhaa akipewa draiva mpya, ile fimbo ya kupigia mpira mbali, aijaribu, anachokumbuka jioni ni ule mpira mmoja uliokwenda mbali kuliko yote. Hapo ndipo pesa inapopotelea. Mpira uliogongwa katikati ya uso wa fimbo unaruka vizuri hata kwa draiva ya mwaka 2005, kwa sababu ukubwa wa kichwa na wepesi wa uso kuurusha mpira vimeshawekewa mipaka na kanuni, na watengenezaji wote wamefika kwenye mipaka hiyo zamani. Kilichobadilika miaka hii ni mpira uliogongwa vibaya: wa kwenye ncha (upande ulio mbali na mti wa fimbo), wa kwenye kisigino (upande wa karibu na mti), wa chini karibu na ukingo. Huo ndio unaoulipia ukinunua draiva inayovumilia makosa, na huo ndio wa kupima.

Sisi tunaocheza gofu tukiwa tunaishi Tabora tuna sababu ya ziada ya kuwa makini. Fimbo haijaribiwi kwenye chumba chenye rada na skrini kubwa. Inakuja na basi kutoka Dar es Salaam, au ndugu anaibeba akirudi safari, na ikishafika, kuirudisha ni kazi nyingine. Draiva za daraja la juu zilizotoka mwaka 2024 ziliuzwa karibu dola 600 huko Marekani, kabla hujaweka usafiri na ushuru. Lakini kiangazi cha Unyamwezini kina jambo moja ambalo watu wa mijini hawana: mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mapana na tambarare, yenye vumbi linaloonyesha kila mpira ulipoangukia. Ukilitumia vizuri, unapata majibu ya kutosha bila rada.

Kwanza ijulikane fimbo hizi zinavumilia nini. Kichwa cha draiva kina uzito wa karibu gramu 200. Huwezi kuuongeza sana, kwa sababu fimbo itakuwa nzito kuzungusha. Kinachofanyika ni kuuhamisha. Mgongo wa kichwa, yaani sehemu yake ya juu, unapunguzwa unene au unatengenezwa kwa nyuzi za kaboni, halafu gramu zilizookolewa zinapelekwa nyuma kabisa na pembeni. Uzito ukikaa mbali na katikati, kichwa kinakuwa kigumu kupindishwa. Mpira ukikigonga pembeni kinazunguka kidogo tu, na kasi inayofika kwenye mpira haishuki sana. Kipimo cha ugumu huo ni momenti ya inersia. Kanuni za R&A na USGA, vyombo vinavyosimamia kanuni za gofu duniani, zinaruhusu isizidi 5,900, kwa gramu zidisha sentimita za mraba, pamoja na nafasi ya 100 kwa ajili ya makosa ya vipimo.

Utaona draiva zinazotangazwa kwa namba 10,000, kama PING G430 MAX 10K na TaylorMade Qi10 Max za mwaka 2024, ukajiuliza zimeupitaje mpaka wa 5,900. Hazijaupita. Mpaka unahusu kichwa kuzunguka kulia na kushoto, yaani mpira ukigonga ncha au kisigino. Hiyo 10,000 ni jumla ya kipimo hicho na kingine cha kichwa kuinama juu na chini. Ni namba ya kweli, ila usiilinganishe na 5,900 kana kwamba ni kitu kimoja. Ukubwa wa kichwa nao una mpaka wa sentimita za ujazo 460, kwa hiyo kichwa kinachoonekana kikubwa kuliko vingine mara nyingi kimenyooshwa tu kuelekea nyuma na kupunguzwa kimo.

Sasa lile linalowauma wengi. Draiva hizi zinavumilia kosa la mahali pa kugonga. Haziwezi kuvumilia uso uliofunguka, yaani unaotazama kulia. Mpira wa draiva huanza safari yake karibu kabisa na upande ambao uso unatazama wakati wa kugonga. Njia ya fimbo inachangia sehemu ndogo tu ya mwelekeo wa kuanzia. Uso ukitazama kulia kwa digrii 1, mpira unaoruka mita 200 unatua mita 3.5 nje ya mstari hata kama haukupinda hewani. Digrii 4 ni mita 14, na hapo bado hatujahesabu slaisi, yaani mpira kupinda kulia hewani, inayotokana na njia ya fimbo kukata kutoka nje kuja ndani. Hakuna uzito wa nyuma utakaofuta digrii hizo. Mwenye slaisi kubwa anayegonga katikati ya uso kila mara hana cha kusamehewa na fimbo ya aina hii. Atanunua, atapiga, na mpira utaenda kulia ukiwa na mlio mpya.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua unagonga wapi, tena kwa draiva yako ya zamani, kabla hujaigusa mpya. Ponda kipande cha chaki ya shule, changanya na matone machache ya maji, paka usoni mwa fimbo kwa kitambaa, uache ukauke uwe mweupe. Kila mpira utaacha doa safi. Piga mitano, tazama, futa, paka tena. Wengine wanachora nukta kwa maka ya ubao mweupe nyuma ya mpira nayo inaacha alama usoni. Ni safi zaidi, ila lazima uuweke mpira nukta ikitazama fimbo kila mara. Unga wa chaki unapunguza mshiko kati ya uso na mpira, kwa hiyo unaweza kubadilisha kidogo namna mpira unavyozunguka. Siku ya kulinganisha, kama umepaka moja, paka zote mbili.

Madoa yakishaonekana, yasome pamoja na mruko. Hapa ninamzungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia. Mpira uliogonga upande wa ncha unakisukuma kichwa kifunguke, na kichwa na mpira vinasukumana kama gia mbili zilizoumana: kimoja kikizunguka huku, kingine kinazunguka kule. Mpira unapata mzunguko wa kukunja kushoto. Uliogonga kisigino unakunja kulia. Watengenezaji wanalijua hilo, ndiyo maana uso wa draiva si bapa. Umevimba kidogo kutoka kisigino hadi ncha, ili mpira wa ncha uanze kulia ndipo urudi, na wa kisigino uanze kushoto ndipo urudi. Uso pia umevimba kutoka juu hadi chini. Mpira wa juu ya uso unapanda zaidi na kuzunguka kinyumenyume kidogo, nao huenda mbali. Wa chini ya uso unaondoka chini na mzunguko mwingi, unapanda katikati ya safari, kisha unadondoka kama umechoka.

Kwa hiyo ukiona madoa yametapakaa usoni, baadhi ncha, baadhi kisigino, baadhi chini, wewe ndiye mteja halali wa draiva hizi. Ukiona madoa yamekusanyika mahali pamoja pasipo katikati, sogea kwanza. Aliyejaa kwenye kisigino mara nyingi anasimama karibu mno au mwili unamsogelea mpira wakati wa kushuka. Kusogea sentimita 3 hakugharimu shilingi.

Kuna jambo jingine la bure la kujaribu kabla ya kununua. Draiva nyingi za dukani zina urefu wa inchi 45.5 hadi 45.75, karibu sentimita 116. Shika chini kwa sentimita 3 kutoka mwisho wa mshikio, upige na chaki. Wachezaji wengi wa ridhaa madoa yao yanasogea katikati papo hapo, na mita chache zinazopotea kwa fimbo kuwa fupi zinarudishwa na ugongaji. Mimi naona fimbo ndefu za dukani zimewekwa hivyo kwa ajili ya yule mpira mmoja wa sifa.

Draiva mpya ikifika, usikimbilie shambani. Fimbo bandia ziko nyingi, na zinafanana na halisi kwa rangi na maandishi. Chukua sumaku ya spika mbovu uipitishe usoni. Draiva za kisasa zina uso wa titani, au nyenzo nyingine kama kaboni, na sumaku haishiki. Bandia iliyotengenezwa kwa chuma itaishika kabisa. Usiipitishe kwenye skrubu na vizito vya chini, hivyo vinaweza kushika hata kwenye fimbo halisi. Pima fimbo nzima kwenye mizani ya jikoni: draiva ya kawaida ya watu wazima inakaa kati ya gramu 300 na 330. Ikizidi sana hapo, ulizia. Tazama shingo, pale shafti (mti wa fimbo) inapoingia kichwani, kama kuna gundi iliyomwagika au pete iliyokaa upande. Mwisho angalia kama jina na lofti (mlalo wa uso wa fimbo kwa digrii) viko kwenye orodha ya vichwa vya draiva vilivyokubaliwa inayotolewa na R&A na USGA. Kutokuwepo kwenye orodha kunaweza kukukosesha mashindano.

Kuhusu lofti, usione aibu. Mchezaji wa ridhaa mwenye kasi ya kichwa ya kilomita 140 hadi 150 kwa saa anahitaji digrii 10.5, na wengi wangefaidika na 12. Draiva ya digrii 9 ni ya mtu mwenye kasi kubwa au anayeugonga mpira fimbo ikiwa inapanda. Lofti ndogo inaongeza athari ya slaisi, kwa sababu mzunguko wa pembeni unakosa wa kinyumenyume wa kuuzidi nguvu. Shafti nayo: gramu 50 hadi 60 zenye ugumu wa kawaida zinawatosha wengi. Kina mama na wazee wanaozungusha taratibu waanze na gramu 45 na lofti ya 12. Shafti ngumu kuliko kasi yako inaacha uso wazi, halafu lawama anapewa aliyetengeneza kichwa.

Haya, shamba. Kuanzia Juni hadi Oktoba mahindi na tumbaku vimetoka, na mvua haijaanza. Omba ruhusa kwa mwenye eneo, na kama ni eneo la kijiji, pita kwa mtendaji. Mzee ukimwamkia vizuri na kumweleza kwamba ni mipira midogo na mtaifukia mashimo ya vigingi, hana neno. Atakachouliza ni kama ng'ombe wake wako salama. Ulizo hilo ni la haki. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 45.93, lakini ukitoka usoni mwa draiva unakwenda zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Unahitaji urefu wa mita 300 usio na mtu, na mita 60 kila upande wa mstari. Njia ya baiskeli ikikatiza hapo, tafuta kwingine. Watoto hufika tu, hata pasipokuwa na nyumba karibu, kwa hiyo mmoja wenu kazi yake iwe kuangalia watu na kupiga kelele ya "Kaa chonjo!" mpira ukienda kusiko.

Pangeni mstari kwa kamba kutoka mahali pa kupigia hadi mti unaoonekana. Mwembe mkubwa wa upande wa magharibi unafaa. Magharibi, tena asubuhi, kwa sababu mbili. Asubuhi jua liko nyuma yako, na mpira unauona mpaka unapotua. Tena upepo wa kiangazi huku hutoka mashariki na kuamka jua likishapanda, kwa hiyo mkimaliza mapema mtakuwa mmepima fimbo bila upepo. Pigeni vigingi kila mita 10, kuanzia mita 140 hadi 220, kwa futikamba. Hatua za miguu zinadanganya.

Ardhi ya kiangazi ni ngumu, tii ya mbao, kile kijiti cha kuwekea mpira, haiingii. Beba nyundo na msumari wa inchi 4: piga, chomoa, ingiza tii kwenye tundu. Tii ya milimita 70 inatosha. Urefu wake juu ya ardhi uwe ule unaoacha nusu ya mpira juu ya mgongo wa kichwa fimbo ikiwa imekaa chini. Ukiweka chini zaidi, unagonga sehemu ya chini ya uso na mzunguko unaongezeka. Ukiweka juu mno, mpira unagusa mgongo na rangi inachubuka. Urefu wa tii ukibadilika katikati ya jaribio, jaribio limeharibika, kwa hiyo funga uzi mwekundu kwenye tii mahali inapokutana na ardhi. Chini yake fagia changarawe. Wayo wa draiva mpya ukikwaruzwa siku ya kwanza, hata ukitaka kuiuza hutapata bei.

Mipira iwe ya aina moja, isiyochunika, na ikae kwenye ndoo moja kivulini. Mpira uliokaa juani una joto na unaruka kuliko wenzake, na uliookotwa bwawani baada ya miezi haufiki popote. Hili dogo ndilo linaloharibu majaribio mengi kuliko swingi, yaani mzungusho wa fimbo.

Mpangilio ni huu. Pasha mwili kwa fimbo fupi, kisha mipira michache ya draiva ambayo haiandikwi. Baada ya hapo piga mitatu kwa draiva ya zamani, mitatu kwa mpya, urudie hadi kila moja ifikishe 12. Kupiga 12 yote ya zamani ndipo mpya kunaipendelea ile iliyokuja mwili ukiwa umeshachangamka, au kuiadhibu ukiwa umechoka. Zaidi ya mipira 24 kwa asubuhi moja, unapima uchovu. Kila mpira uandikwe, hata uliokwenda vichakani. Daftari liwe na safu tatu: doa lilikuwa wapi usoni, mpira umetua mita ngapi, na umetoka nje ya mstari mita ngapi kulia au kushoto.

Neno "umetua" ndilo lenye ugomvi. Waangalizi wasimame pembeni, nyuma ya mti au kichuguu, mita 60 au zaidi kutoka kwenye mstari, na wasiingie uwanjani mpaka mpigaji ainue kitambaa na kulaza fimbo chini. Kijana atakimbilia mpira uliposimama, kwa sababu ndio anaouona.

"Kaka, huu umefika mbali, uko kule kwenye shina."

"Kule umekimbia, mdogo wangu. Vumbi limeruka wapi?"

"Hapa, kabla ya kigingi cha mia na themanini."

"Weka alama hapo hapo."

Kwenye ardhi ngumu ya Agosti mpira unaweza kukimbia mita 30 na zaidi baada ya kutua, na kinachoamua ni kokoto na mashina ya mahindi. Mpira mbaya unaoruka chini chini ndio unaokimbia kuliko wote. Ukipima uliposimama, draiva inayotoa mipira duni itaonekana bingwa.

Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na kwa makadirio ya kawaida ya mchezo huu mpira unaruka asilimia 4 hadi 5 zaidi kuliko pwani. Mita 198 za hapa ni kama 190 za Dar es Salaam. Hilo haliharibu ulinganisho, fimbo zote mbili zinapata nyongeza hiyo hiyo, ila usiende viwanja vya Lugalo au Gymkhana huko Dar es Salaam ukachagua fimbo ya pili kwa kutegemea mita za shambani kwenu. Jambo ambalo watu hawalikumbuki ni kwamba hewa nyepesi inapunguza pia kupinda kwa mpira. Slaisi iliyokupeleka mita 15 nje hapa itakupeleka zaidi kidogo kule pwani. Ukiona safu ya tatu ya daftari ina namba ndogo, zipokee kwa tahadhari.

Kusoma daftari hakuhitaji hesabu ngumu. Panga mipira 12 ya kila fimbo kutoka mrefu hadi mfupi. Tazama minne ya juu, kisha minne ya chini. Chukua mfano: ya zamani ina wastani wa mita 192 kwa minne ya juu na 160 kwa minne ya chini, mpya ina 191 na 175. Nunua. Umepoteza mita moja pale ambapo hukuwa na shida, ukapata 15 pale palipokuwa pakikuumiza. Ikitokea mpya ina 199 juu na 158 chini, muuzaji atakusifia zile 199, na wewe utabaki kutafuta mipira vichakani. Kisha soma safu ya kwanza pamoja na ya pili: linganisha mpira wa ncha wa fimbo hii na wa ncha wa ile, si wa ncha na wa katikati. Pasipo madoa huwezi kujua kama draiva mpya imekuvumilia au umepiga vizuri tu asubuhi hiyo. Rudia siku nyingine kabla ya kuamua. Majibu ya siku moja yakipingana na ya siku nyingine, tofauti ya fimbo ni ndogo na swingi yako ndiyo inayoyumba. Baki na ya zamani.

Upepo upimwe peke yake. Uzito ukipelekwa nyuma, kichwa kinafika kwenye mpira kikiwa kimeinua uso kidogo, mpira unapanda na kuzunguka zaidi. Kwa mwenye kasi ndogo hiyo ni faida, mpira wake ulikuwa unadondoka mapema. Kwa mwenye kasi kubwa, akipiga kuukabili upepo mpira unapanda kama unataka kurudi. Saa nne hivi upepo ukishaamka, geuka upige michache kuelekea mashariki kwa fimbo zote mbili, ukihakikisha kwanza upande huo nao hauna mtu. Tofauti ya kushuka kati yao ndiyo utakayoishi nayo kwenye shimo lenye upepo wa mbele. Baadhi ya vichwa vina kizito cha kuhamisha kutoka nyuma kwenda mbele. Kukileta mbele kunashusha mruko na mzunguko, na kunapunguza uvumilivu. Huwezi kuvipata vyote.

Marekebisho ya shingo yaje mwisho, na moja kwa wakati mmoja. Kwa draiva nyingi, kuongeza lofti kwa kuzungusha shingo kunaufunga pia uso kidogo fimbo ikikaa chini, na kuipunguza kunaufungua. Mwenye slaisi akipunguza lofti ili mpira uende mbali amejiongezea ugonjwa. Kizito kikipelekwa upande wa kisigino, uso unajifunga kirahisi zaidi na mpira unaelekea kushoto. Kwa mwenye slaisi ni msaada wa mita kadhaa, kwa anayekunja kushoto tayari ni balaa. Andika mpangilio uliokuwa kiwandani kabla hujafungua chochote. Tumia kifunguo kilichokuja na fimbo, kile kinacholia tak kikifikia mkazo wake, usitumie spana ya gereji. Vumbi la huku ni jembamba na linaingia kwenye nyuzi za skrubu: litoe kwa mswaki mkavu kabla ya kukaza, la sivyo kifunguo kitalia kabla shingo haijakaa, na kichwa kitalegea baada ya mipira michache. Mabadiliko yote yafanyike kabla ya kuanza mchezo. Kanuni ya 4.1 inakataza kubadilisha kwa makusudi tabia ya fimbo mkiwa katikati ya raundi.

Urefu nao uangaliwe kama umefungiwa shafti nyingine. Kanuni inaruhusu hadi inchi 48, lakini tangu Januari 2022 waandaaji wa mashindano wanaweza kuweka kanuni ya mahali hapo ya inchi 46. Kanuni hiyo imelengwa mashindano ya wachezaji wa kiwango cha juu, ila uliza kabla ya kujiandikisha.

Baada ya asubuhi ya vumbi, osha mshikio kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe kivulini. Jasho na vumbi vikikaa vinafanya mshikio uteleze, mkono unabana zaidi, na mkono uliobana hauufungi uso. Fimbo isiachwe kwenye buti ya gari lililoegeshwa juani. Joto linalegeza gundi ya shingoni na ya chini ya mshikio. Ukisafiri nayo kwa basi, vua kichwa kama kinafunguka, kivishe kofia yake ukibebe mwenyewe, na kwenye mfuko weka fimbo ya mwavuli au mti mnyoofu mrefu kuliko shafti, ili mfuko ukiangushwa kipigo kiuangukie mti huo. Ukifika, kaza skrubu mpaka kifunguo kilie, kisha tikisa kichwa karibu na sikio. Kikisikika kitu kidogo kinachogonga ndani, mara nyingi ni tone la gundi lililobanduka, haliharibu kitu. Lakini ukisikia mlio mzito wa chuma, au nyuma kuna kizito kinachocheza ukikigusa kwa kidole, usipige hata mpira mmoja mpaka kikazwe. Kizito kikichomoka kwenye swingi kinaruka kama risasi, na hujui kitamkuta nani.